Kifaa cha Kopi Siku ya Ndoa ya Zuhura

Nimeaibika, tena nimeaibika kwa kipaza sauti cha msikiti, mtaa wetu mzima wa Mabawa ukisikia, na kama hujausikia mkasa huu basi kaa nikwambie mwenyewe kabla hujasimuliwa na wenye kutia chumvi (ingawa kwa huu, wallahi, hata chumvi haihitajiki).

Mimi ni fundi magari. Baba yetu katika siku zake za mwisho aliniita kitandani, mimi na mdogo wangu Zuhura ndio watoto wake wawili tu, akaniambia, "Othumani, mwenzio huyu usimwachie mtu. Utamuozesha wewe." Neno hilo nililibeba miaka sita. Zuhura alipompata mchumba, kijana mwema wa Pangani, walii wake nikawa mimi, na ndoa ikapangwa kufungwa baada ya sala ya Alasiri kwenye msikiti ulio nyumba tatu tu kutoka gereji kwangu.

Sasa, miezi michache kabla ya hapo nilinunua Dar kifaa cha kuunganisha gari na laptopu, kile kinachofungua programu ileile wanayotumia mafundi wa kampuni iliyotengeneza gari. Cha kwangu kilikuwa kopi, na muuzaji hakunificha: "Fundi, hiki soma makosa, futa makosa, basi. Usijaribu kuingizia gari programu mpya, kitakuzimikia katikati." Nikamwitikia kama mtu mwenye akili.

Siku ya ndoa, mchana, wageni wa Pangani wameshakula pilau, mimi nimeshavaa kanzu nyeupe inanukia udi, akanijia baba wa bwana harusi, Mzee Hatibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Taa ya injini yaniwakia tangu nilipotoka nyumbani, nami nasikia wewe u fundi. Hebu nitazamie."

Gari lenyewe la Kijerumani, otomatiki, ameliegesha mbele ya gereji. Ningemwambia tu, "Mzee, leo ndoa, hilo kesho inshallah," leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini pembeni alikuwa amesimama Ami Sefu, mdogo wake marehemu baba, ambaye tangu nilipoanza kushika spana ananiita "mpaka-grisi" mbele za watu, na mimi nikasema leo ndiyo leo, leo ataniona. Nikaleta laptopu, nikachomeka kifaa, dakika moja nimelisoma kosa, nimelifuta, taa imezimika. Watu wakapiga makofi, na Mzee Hatibu akauliza, "Kumbe una mashine ya kampuni yenyewe?"

"Ya kampuni, mzee," nikasema. (Mungu anisamehe, nilikuwa na udhu.)

Hapo ningefunga, nikanawa mikono, nikaenda zangu. Lakini nikaona kwenye kioo kwamba kuna programu mpya ya injini ya gari lile, na kwa kulewa yale makofi nikabonyeza, huku nawaeleza watu kwamba gari sasa litakuwa jepesi na mafuta litakunywa kidogo. Ukishaanza kazi hiyo huna ruhusa ya kuchomoa waya mpaka imalizike, maana programu ya zamani imeshafutwa, ukichomoa ubongo wa injini unabaki mtupu na gari linakuwa kabati. Mstari wa kijani ukatembea vizuri mpaka nusu, ukasimama. Nikaungoja, nikausemesha, nikausomea na dua. Kanzu jasho tupu, betri ya gari inashuka, kifaa kimepata moto kama pasi, na adhana ya Alasiri hiyo.

"Wewe, waja huji?" Ami Sefu akaniita. "Watu washaingia."

"Tangulia Ami, dakika tano."

Sala ikapita. Nilikuwa naogopa kumuulia gari mkwewe dada yangu siku ileile ya ndoa, sababu yangu ndiyo hiyo, sina nyingine, na kila nikiikumbuka najichukia upya. Simu ikalia.

"Othumani, shehe auliza, walii yu wapi? Ana ndoa nyingine Chumbageni."

"Ami, nakuwakilisha. Niozeshee."

"Sema mwenyewe, mashahidi wasikie." Akaisogeza simu kwenye kipaza sauti.

"Mimi Othumani bin Ali nimemuwakilisha ami yangu Sefu," nikaanza, na hapohapo gari, kwa umeme kupungua, likajipigia king'ora lenyewe, honi isiyokoma, nami nikamalizia "amuozeshe dada yangu" nikipiga kelele kama mpiga debe wa stendi, na honi yote ile ikaingia kwenye simu ikatokea juu ya mnara. Nikasikia watu wanacheka. Msikitini! Shehe akauliza, "Walii yuko barabarani?" na Ami Sefu akamjibu, kipaza sauti kiko wazi, "Yuko na gari. Tuendelee."

Akatoka na mashahidi wawili kwenda nyumbani kumuuliza mwari kama ameridhia, akanipita pale gereji bila kunitazama, na aliporudi ndoa ikafungwa, nami nikaisikia kama wanavyoisikia wapita njia. Kifaa kikatoa harufu ya plastiki inayoungua, kijitaa chake kikafa. Gari nalo likafa, gia zimejifunga, hata kusukumwa likakataa. Mzee Hatibu akarudi Pangani amebanwa kwenye gari la maharusi, mabegi magotini, na hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Gari lilipona, alikuja fundi mwenye kifaa halali. Mtaani wananiita Walii wa Honi, nimeshazoea. Lakini baada ya fungate Zuhura alikuja kutusalimia, akanivuta pembeni. Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ameridhia, hilo kila mtu analijua.

"Kaka, mume nampenda, usinifahamu vibaya," akasema. "Lakini nilitaka nikujibu wewe, kwa mdomo wangu, kama alivyotaka baba. Ami kaniuliza mara tatu, nami kimya, natazama mlango, nasema sasa hivi ataingia. Wakasema huyo karidhia, wakatoka."

Nimeapa, wa kwangu akiwa na shughuli, gereji naifunga tangu siku moja kabla na ufunguo nampa mama, hata aje nani na taa gani. Ila dada nilikuwa naye mmoja tu, na ameshaolewa.