Magoti ya Wifi Hidaya

Mimi nikimsifia mtu, ujue kanishinda kweli. Na wifi yangu Hidaya kanishinda, ingawa mbele yake simwambii, atavimba kichwa bure.

Hidaya ni dada mdogo wa mume wangu, Idrisa. Ni mjane, tunaishi naye ua mmoja hapa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, na kazi yake ni miche ya maparachichi. Anaotesha miche ya kienyeji kwenye viriba, ikinenepa kidogo anaikata kichwa, halafu anaipachika kikonyo cha mti unaozaa vizuri na kufunga kwa utepe wa nailoni. Ndiyo tunaita kubebesha. Wenzake wananyanyua mche na kuuweka mezani. Yeye hataki. Anasema mche ukinyanyuliwa na kushushwa, kidonda kinacheza na kikonyo kinakufa. Basi anapiga magoti juu ya gunia, asubuhi mpaka adhuhuri, anasogea mche kwa mche. Anayetaka kubisha akaangalie kwanza miche yake mwenyewe ilivyokauka. Watu wanatoka mpaka Mlalo kuja kununua kwa Hidaya.

Sasa, masika fulani alikuwa anashuka na kreti la miche kichwani, utelezi ukamchukua. Mguu ukanasa kwenye mzizi, mwili ukageuka, na yeye mwenyewe akasikia kitu kinakatika ndani ya goti. Kreti hakuliachia. Alianguka kalikumbatia kifuani, haukumwagika mche hata mmoja. Mjinga huyu! Nilimfokea huku nalia.

Tulimkanda kwa maji ya moto mpaka uvimbe ukaisha, lakini goti likawa halina uaminifu. Linambeba vizuri tu, halafu ghafla linaponyoka. Akipiga magoti na kusogea, linaponyoka. Akaanza kubebesha amekaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha mbele, na mkono haufiki inavyotakiwa. Vikonyo vikafa mstari mzima. Hata swala alikuwa anasalia kwenye kiti. Shehe alimwambia ni ruhusa, hana kosa lolote, lakini nilimwona anavyokunja uso akikivuta kile kiti.

"Wifi," aliniambia, "wakinitibu nikashindwa kupiga magoti, watakuwa hawajanitibu."

Nikamwambia aache maneno yake. Lakini niliogopa.

Hospitali ya rufaa tuliingia watatu, yeye, mimi na Idrisa. Daktari ni mwanamke, Secilia, mpole na hana haraka. Alitueleza kwamba ule mshipa unaoshikilia mifupa miwili ndani ya goti umekatika, na kuushona haisaidii. Inabidi achukue kano ya Hidaya mwenyewe, sehemu nyingine ya mguu, aipitishe pale ndani ishike kazi.

"Kumbe mnanibebesha!" Hidaya akasema, na daktari akacheka.

"Mama, unafanya kazi gani?"

Aliyejibu ni Idrisa. "Mkulima. Ila sasa atapumzika, tumeshakubaliana."

Tumekubaliana na nani? Nilimwangalia Hidaya, naye kainamisha kichwa. Huku kwetu kaka mkubwa ni baba. Shikamoo yake huikosi, na akishasema mbele ya watu humpingi. Idrisa hakuwa na nia mbaya, Mungu anisamehe. Alimpenda dada yake kiasi cha kutaka kumfungia ndani.

Daktari akaendelea. Kuna kano ya mbele, chini ya kifuniko cha goti, inatolewa pamoja na vipande vya mfupa huku na huku. Hiyo inashika imara. Kuna za nyuma ya paja. Kuna nyingine juu ya kifuniko, nene, lakini hiyo mikono yake haijaizoea sana. Kano za waliokufa zinatumika nchi nyingine, pale hawakuwa nazo.

"Wachezaji mpira wanawekewa ipi?" Idrisa akauliza.

"Wengi ile ya mbele."

"Basi ndiyo hiyo. Tumemaliza."

Nikashindwa kujizuia, nikamgeukia mume wangu. "Baba Twaha, goti ni la nani?"

Alinitolea jicho. Lakini daktari alishanisikia. Akaweka kalamu chini. "Mama Hidaya, hebu nionyeshe kazi yako inavyokuwa."

Hidaya alimwangalia kaka yake, akaniangalia mimi. Kisha akashika ukingo wa meza, akajishusha sakafuni taratibu, goti zima kwanza, bovu likafuata. Akachukua ile kalamu, akaishika kama kikonyo. "Hivi," akasema. "Mpaka adhuhuri. Na swala zangu."

Daktari alizunguka meza akachuchumaa karibu yake. "Afadhali umenionyesha. Wengi niliowatoa kano ya mbele wanalalamika wakipiga magoti, inauma pale pale. Kwako ningechukua ya nyuma."

"Na huko nyuma mnakokata, panabakije?"

"Nguvu ya kukunja mguu inaweza kupungua kidogo. Itataka uvumilivu mpaka ishike. Na kupanda mlima na mzigo kichwani, mama, siwezi kukuahidi."

Hidaya bado yuko sakafuni, macho chini. "Kaka, unisamehe. Nachukua ya nyuma. Mizigo watabeba wengine. Magoti siyatoi."

Moyo wangu ulijaa, jamani. Mwanamke hajawahi kumpinga kaka yake tangu azaliwe! Tulipofika nyumbani Idrisa akanisema mimi, kwa Kishambaa, mpaka akachoka.

Upasuaji ulikwenda salama. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimvulie kofia. Kila asubuhi anapitisha kanga chini ya unyayo, anavuta, goti linajikunja, jasho na machozi pamoja. Mimi ningeacha wiki ile ile. Yeye alivuta kipupwe kikapita, vuli ikapita, mpaka daktari akamruhusu kupiga magoti.

Siku aliyorudi kwenye miche tulimkuta Idrisa ametangulia. Alikuwa amekunja gunia mara mbili na kulitandaza mwanzo wa mstari, amesimama kando kama mgeni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Hidaya akashuka. Goti zima, kisha lile jingine. Akatulia.

"Linauma?" Idrisa akauliza.

"Ganzi tu kidogo, kwa pembeni."

Akatoa kisu, akakata mche, akapachika, akafunga. Akasogea. Goti likamfuata. Ndipo, bila kuinua kichwa, akasema, "Kaka, na gunia lako la kupigia magoti liko wapi?"

Idrisa akanigeukia mimi nimsaidie. Nikaangalia maparachichi.

Akaenda kulileta.