Mvua Iliyochafua Magari ya Muhumba

Asifiwe Mungu Baba, anayetunyeshea bila kutuuliza kama tumestahili. Asifiwe kwa miaka aliyonipa, na kwa macho ambayo bado yanaona maandishi makubwa. Asifiwe hata kwa uchovu, maana mchovu ni mtu ambaye bado yuko. Nikisha kumshukuru, nisimulie jambo dogo lililotokea mtaani kwetu.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani raia, kama tulivyoamriwa. Majina ya ubatizo tuliyavua mbele ya serikali na kuyavaa tena nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya parokia, na jioni nilifundisha katekisimu. Tulikaa Muhumba, mtaa wa wakubwa kando ya ziwa, katika nyumba ndogo ya walimu, ng'ambo ya barabara kutoka kwa mkurugenzi wa ofisi moja. Majirani zangu wengine walikuwa watu wa magari. Mimi kilima cha kwenda kanisani nilikipanda kwa miguu, nikisali rozari, na nilipofika juu nilikuwa nimechoka lakini nimemaliza mafumbo yote.

Kila Jumamosi asubuhi palikuwa na Salongo. Kila nyumba ilitoa watu na majembe na mafagio, tukasafisha mitaro na kukata majani, na mkubwa wa mtaa akapita akitazama. Aliyekutwa na uchafu mbele ya nyumba yake aliulizwa maswali, na miaka ile hakuna aliyependa kuulizwa maswali.

Ijumaa moja usiku ikanyesha mvua nyembamba, isiyo na radi, iliyokawia sana. Nilipotoka kwenda misa ya alfajiri nilikuta pipa letu la kukingia maji limefunikwa na utando wa kijivu. Nikachovya kidole. Ulikuwa laini kama unga wa muhogo, ila ukiusugua ulikwaruza. Nikamwambia mke wangu asipikie maji yale, nikaenda zangu.

Niliporudi Salongo ilikuwa imeanza, na kando ya mtaro maneno yalikuwa yakipita chini chini. Wanawake waliofua jana walikuwa wamekuta nguo zimeingia madoa kwenye kamba.

“Ni ndege,” alisema mmoja. “Usiku ilipita ndege, ikamwanga dawa ya mbu.”

“Ndege gani? Weye ulisikia ndege, ao ulisikia bwana yako anakoroma?”

Wakacheka. Mwingine akasema ni moshi wa viwanda. Mama mmoja mzee, mwanachama wa Lejio ya Maria, akaegemea jembe lake akasema polepole, “Wametukataza majina ya watakatifu. Sasa Mungu anatupaka majivu yeye mwenyewe, bila kungojea Kwaresima.”

“Nyamaza, maman. Huu mutaro uko na masikio.”

Wanaume wenye magari waliinamia majembe yao. Walilima kama watu wasiosikia. Magari yao yalisimama mbele ya nyumba yakiwa yanang'aa, nami sikushangaa, kwani nilidhani yamelala chini ya paa.

Gari la mkurugenzi peke yake halikuwa safi. Lilikuwa limelala nje, kwa sababu garaji ilijaa masanduku ya bidhaa za mke wake. Dereva wake, mtu mpole kutoka milima ya Kabare, alikuwa ameanza na mtaro, maana mkubwa wa mtaa huanza ukaguzi wake kwa wakubwa. Gari alitaka kuliosha baadaye. Mkurugenzi akatoka na kulikuta hivyo, la kijivu kutoka paa hadi magurudumu, na kioo kimechorwa mistari kama uso wa mtoto aliyelia.

“Ulienda wapi na gari usiku?” akauliza.

“Papa, haikutoka.”

“Hii ni saruji. Ulimubebea nani saruji?”

“Ni mvua, Papa. Ufunguo ulilala kwako ndani.”

“Ufunguo moja. Zingine umetengenesha ngapi, miye najua?” Kisha akanyoosha mkono barabarani, na sauti yake ikapanda ili sote tusikie. “Angalia ile Peugeot. Angalia ile Volkswagen. Zinang'aa. Mvua ilipita ikiuliza gari ya mukurugenzi iko wapi?”

Baadhi yetu walicheka, na nadhani ndicho alichotaka. Kihesabu cha kilometa kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kumtetea yule mtu ila neno lake.

“Mbele ya jioni mutoke ku boyerie,” akasema mkurugenzi. “Weye, bibi yako na batoto. Na ushukuru siite gendarmes.”

Boyerie ni vile vyumba vya nyuma ya nyumba kubwa, vilivyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi. Dereva alikaa humo na watoto wake, na mke wake alikuwa ametoka kujifungua juzi tu. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha.

Alikuja kwangu na jembe bado mkononi. “Mwalimu, weye uko mutu wa Mungu. Unisemee.”

Nilikwenda. Nilimweleza mkurugenzi habari za pipa langu. Alinisikiliza kwa adabu, maana watoto wake nilikuwa nawaandaa kwa komunyo ya kwanza, kisha akasema, “Mwalimu, pipa linachafuka kwa kitu chochote. Niletee gari moja. Moja tu.” Akaingia ndani.

Basi tukaenda, mimi na dereva, kwenye nyumba ya ile Peugeot. Mwenyewe alikuwa mtu wa forodha, mwenye tumbo na maneno. Alitupokea kwenye lango, hakulifungua.

“Gari yangu ililala safi, ikaamuka safi,” akasema.

“Hata doa moja?” nikauliza.

“Mwalimu, weye unafundisha batoto basitoe ushahidi wa uongo. Sasa unakuja kuniomba ushahidi?”

Sauti ya mke wake ikatoka jikoni. “Safi? Basi kikwembe yangu ilioga mu nini?”

“Maman, bakia ndani.”

“Nibakie ndani nimevaa nini?” Akatoka ameshika kikwembe kwa ncha mbili za vidole, kitambaa kizuri cha buluu na njano, na katikati yake kote kumekuwa kijivu. “Hii njo kikwembe ya ubatizo ya mutoto wetu. Amepangusa nayo gari mbele jua litoke, akaificha chini ya kuni. Anafikiri miye siwashaka moto?”

Yule bwana alitazama chini. Dereva alitazama kile kikwembe kama mtu anayeona uso wa ndugu yake.

Lazima nieleze hapa, kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, kitu ukikikuta kimepakwa usiku mbele ya nyumba yako, unakidhani ni uchawi wa mtu, na hukitangazi. Ukikitangaza, aliyekipaka atajua kwamba kimekufikia. Unakifuta kimya, unanyunyiza maji ya baraka, na unamsalimu jirani kama ulivyomsalimu jana. Tulikuwa Wakristo, tulipokea sakramenti, na bado tuliishi hivyo. Kwa hiyo kila mwenye gari alikuwa ameamka gizani, akaona kijivu kile, akajua moyoni kwamba kimetoka kwa jirani. Kulipokucha barabara nzima ilikuwa imefutwa, na mtu mmoja tu alikuwa amebaki na uchafu wa wote.

Mwenye Volkswagen, mwuguzi, alikuwa amesikia kila neno kutoka upande wa pili wa ua. Akaja pole pole.

“Kumbe na weye?” akamwambia mtu wa forodha.

“Nilizani ni kwako inatoka.”

“Kwangu? Ju ya nini?”

“Ju ya ile muti ya avoka tuligombania.”

“Na miye nilizani ni weye, ju ya ile ile muti.”

Mke wa mtu wa forodha akawatazama mmoja baada ya mwingine. “Muti yenyewe ilikatwa zamani,” akasema, “na hata haikuzalaka.”

Hakuna aliyecheka. Nakumbuka uchovu ulionishika pale, si wa Salongo, si wa kilima. Niliwafundisha watu hawa na watoto wao miaka na miaka, na wote walijua katekisimu kwa kichwa.

Tulirudi kwa mkurugenzi watu watano, na mama yule mbele na kikwembe chake. Mtu wa forodha alisema kwa kifupi kwamba gari lake lilikuwa chafu na amelifuta. Mwuguzi akasema vivyo hivyo. Mkurugenzi alikishika kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba, akainua macho hadi kwenye mabati ya nyumba yake mwenyewe, ambayo hakuna Salongo iliyowahi kuyafikia. Yalikuwa ya kijivu.

“Osha gari,” akamwambia dereva. “Lundi asubuhi tunatoka.”

Lundi ni Jumatatu, na kazi ilikuwa imerudi. Mkubwa wa wakati ule hakuomba radhi mbele ya watu, na pengine hata mbele ya Mungu alisema kwa sauti ndogo. Mtu wa forodha na mwuguzi walichukua ndoo, wakamsaidia dereva kuchota maji. Mama akamwambia mume wake kwamba kikwembe kipya kitanunuliwa, akaenda zake.

Siku zilizofuata abiria wa meli walitoka Goma wakisema mlima wa moto umetupa majivu na upepo umeyaleta kwetu. Naamini ndivyo. Wako waliobaki na ndege yao ya dawa ya mbu hadi leo.

Jioni ya Jumamosi ile nilikaa mlangoni, miguu ikiniuma. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya nyumba kubwa, moshi ulitoka kwenye boyerie na harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikatufikia. Mtoto mchanga alilia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Walikuwa wanapika mahali palepale walipopika jana.

Wewe unayesoma, Mungu akupe jirani atakayesema ukweli, ili ulicho nacho ubaki nacho. Akupe mlango wa kurudi jioni, na chakula juu ya moto, na usingizi usio na shaka juu ya mtu yeyote. Amina.