Nilisikia Kila Kitu, Nikajifanya Sisikii

Mama mkwe wangu leo anatembelea magongo, mguu mmoja hana, na kosa langu limo humo. Acheni niseme, nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Morogoro, nimeolewa Lupepo, kwa Wanyakyusa. Wiki ya kwanza ukweni nilijaribu kuwasalimia kina mama jikoni kwa Kinyakyusa. Wee! Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hawakuwa na ubaya, sasa najua. Lakini mimi niliyezoea kusahihisha wengine niliumia, nikaapa sitafungua mdomo tena mpaka niijue lugha yote bila kosa.

Jamani, nani anajua lugha bila kosa?

Miaka ikapita. Tukimenya ndizi, tukichuma chai, masikio yakawa yanashika. Ikafika wakati naelewa kila kitu, hata utani. Ila mdomo uligoma. Nitakosea, watacheka tena! Na kadiri nilivyonyamaza, ndivyo walivyozoea kusema mambo yao mbele yangu: siri za ndoa zao, hata kiburi changu mimi mwenyewe. Sasa ningeanzia wapi? Wangesema nilikuwa nawapeleleza. Nikabaki natabasamu kama zoba.

Siku moja nilikuwa nakata mboga, mama mkwe yuko na jirani yake. Akasema kwa Kinyakyusa, "Kidonda cha unyayo hakiponi. Kinanuka sasa. Wanangu wasijue, watanipeleka nikakatwe mguu."

Jirani akanitupia jicho.

"Huyu?" mama akasema. "Hasikii huyu."

Nimwambie mume wangu? Ataniuliza nimejuaje. Jioni nikampelekea mama maji ya moto nimwoshe miguu. Akakataa, akavuta mabuti yake karibu. Nikasema kesho. Kesho nayo nikasema kesho. Mvua zikaanza, mama yumo shambani na mabuti yale yale, na mimi nimenyamaza.

Akaanguka bombani.

Mume wangu alikuwa safarini, nikampeleka hospitali mwenyewe. Nesi alikuwa mgeni kama mimi, na Kiswahili cha mama ni cha salamu tu. "Nani atatutafsiria?" nesi akauliza. Nikafungua mdomo. Nilikosea karibu kila neno, na hakuna aliyecheka.

Nesi akataka kujua kidonda kilianza lini. Nikamuuliza mama.

"Juzi," akajibu.

"Hapana mama, ni tangu kabla ya mvua," nikamwambia kwa Kinyakyusa, kabla sijafikiri.

Mama akanigeukia. "Kumbe mwanangu unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Hata siku ile ulisikia?"

Nikainamisha kichwa. Mguu walikata.

Hajanifokea hata mara moja, na afadhali angenifokea! Nikiingia jikoni mazungumzo yanakatika. Anaokoteza Kiswahili chake kidogo, ananiambia, "Karibu, mwalimu." Lile neno "mwanangu" halipo tena.

Wewe unayesubiri uwe hodari ndipo uanze, nakuomba, anza leo na makosa yako. Kicheko cha jikoni kingeisha wiki ileile. Kimya changu kimekula mguu wa mtu.

Siku hizi nazungumza Kinyakyusa popote, kibovu hivyo hivyo. Watoto wa jirani wananicheka njia nzima, na sijafa. Ninayetamani anicheke ni mama. Bado hajacheka.