Mama Alipochukua Namba

Ofisini kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bi Mkoba, na ukiuona mkoba wenyewe hutauliza sababu. Ni mweusi, mpini wake umeshonwa mara tatu, na ndani mna fomu za kila aina, biskuti za watoto wanaogoma kuzungumza, vitambaa vya watu wazima wanaozungumza wakaishia kulia, kandambili za nyumba zenye matope, na bisibisi. Bisibisi ya nini, nilimuuliza siku moja. Akasema aliwahi kwenda kusuluhisha mume na mke waliokuwa hawasemeshani mwezi mzima, akakuta ugomvi wote umeanzia kwenye kitasa cha mlango kilicholegea. Alikikaza, akaandika ripoti, akafunga jalada.

Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi hii ya ustawi wa jamii. Kazi yangu ni kugawa namba, kuandika maelezo ya awali na kuwaonyesha watu choo kilipo. Meza yangu inatazamana na chumba namba tatu, chumba cha Bi Mkoba, na mlango wake haufungi sawasawa. Mwenye bisibisi ni yeye, lakini mlango wake mwenyewe hajaugusa mwaka wa tano huu. Kwa hiyo nasikia mengi. Siri za watu huwa sizitoi. Hii naitoa kwa sababu wenyewe wameniruhusu, na mmoja wao amenihimiza.

Kazini, mwanamke huyu hakamatiki. Hakai nyuma ya meza. Anavuta kiti chake pembeni ya mteja, kama wote wawili wanasubiri daktari. Anauliza swali moja, halafu ananyamaza na kuhesabu moyoni mpaka ishirini. Basi. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakiingia mle wamekunja uso, na wengi hawakufika kumi na mbili kabla hawajaanza kusema yale waliyoapa kuyafia. Kitu kingine, haruhusu mtu kumjibia mwenzake. Mume akianza tu, "Mke wangu huwa anapenda," yeye husema taratibu, "Naomba ajibu mwenyewe." Na mwisho wa yote husema maneno ambayo hata mfagizi wetu ameyakariri: mteja ndiye anayeamua, sisi tunamsindikiza.

Mbinu hizi zote alimfundisha mwenzake wa chumba namba tano, ambaye tunamwita Bwana Taratibu. Huyu alisoma mita za maji miaka kumi kabla hajarudi chuoni ukubwani, na mpaka leo humtazama mteja kama anayetafuta tarakimu ya mwisho. Bi Mkoba alimsumbua kweli huyu bwana. "Unaongea sana," alikuwa akimwambia, mtu ambaye kwa siku hasemi maneno mia.

Sasa, Bi Mkoba ana mama. Mama huyu alikaa miaka ishirini na minane katika chumba kimoja cha kupanga, akishona sare za shule, mpaka siku alipoteleza bafuni. Siku hiyohiyo binti akamhamishia kwake. Wakati wa chai alikuwa akitusimulia: mama hagusi hata kijiko, mama analetewa kila kitu, mama amepumzika. Mimi nilikuwa nasikiliza huku nikijionea huruma, maana wanangu mimi hata maji ya kunywa wananituma.

Jumanne moja asubuhi mama akaingia mapokezi na fimbo yake, gauni limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Shikamoo mama," nikasema, nikainuka. "Ngoja nimwite, yuko ndani."

"Marahaba. Usimwite. Nipe namba."

"Mama, wewe huna haja ya namba."

"Hawa wote wamechukua. Nipe."

Nikampa namba kumi na nne. Akakaa kwenye benchi katikati ya watu, fimbo kati ya magoti, akawasalimia kushoto na kulia. Zamu yake ilipofika kwangu nilichukua fomu nikijua anatania.

"Lalamiko lako linamhusu nani, mama?"

"Afisa wenu wa chumba namba tatu."

Kalamu ikanitoka. "Uhusiano?"

"Nilimzaa. Andika."

Niliandika huku nimebana kicheko. Lakini alipoendelea kicheko chenyewe kiliisha. Alisema Ijumaa ya wiki hiyo binti yake anarudisha ufunguo wa kile chumba kwa mwenye nyumba, na cherehani ameshamwahidi binamu yake. Hakuna aliyemuuliza. Ufunguo ukirudi, alisema, hatakuwa tena na mahali pa kurudi, na yeye anataka kurudi.

Wakati huo Bi Mkoba akatoka kuita mteja wake wa pili. Alipomwona mama yake mbele ya meza yangu akapauka.

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Endelea na kazi yako, watu wanasubiri."

"Ingia basi ndani tuongee."

"Wewe huwezi kulishika jalada langu. Afisa hashiki jalada la ndugu yake. Umelisema mwenyewe mezani tukila, mara ngapi sijui, na hatukuwa tumekuuliza."

Benchi zima likatazama sakafu kwa adabu, mabega yakicheka. Sheria ni sheria. Jalada likaenda chumba namba tano.

Bwana Taratibu akapanga kuwatembelea nyumbani kesho yake, saa kumi jioni, nami nikaenda kama mwandishi wa kikao. Hapa lazima niseme ukweli. Kwa miaka mingi Bi Mkoba amewacheka wateja wanaodeki nyumba kwa sababu ya ugeni wake. "Siji kukagua vumbi," huwaambia. Tulipofika tulikuta sakafu yake bado imelowa, makochi yamevikwa vitambaa vilivyotoka sandukuni na mikunjo yake, na yeye amesimama mlangoni akijifuta mikono kwenye gauni.

"Karibuni, samahani kwa fujo," akasema. Fujo yenyewe hatukuiona.

Bwana Taratibu hakukaa kwenye kochi aliloonyeshwa. Alivuta kiti kidogo akakiweka pembeni ya mama. Nilimwona Bi Mkoba akikitambua kile kiti.

"Mama," Bwana Taratibu akasema, "siku yako inakwendaje hapa?"

"Anaamka saa moja," Bi Mkoba akajibu, "anakunywa chai, anapumzika kidogo, halafu—"

"Naomba ajibu mwenyewe, dada."

Nilijikaza kisabuni nisicheke. Mama akakohoa, akaweka mikono juu ya fimbo.

"Naamka. Halafu napumzika. Nikichoka kupumzika naambiwa nikajilaze. Juzi niliosha kikombe, nikanyang'anywa. Mtoto huyu ananipenda, mwanangu, usiandike vibaya. Ananipenda mpaka nakosa pa kushika."

Bwana Taratibu akaandika polepole, herufi moja moja. Akamgeukia Bi Mkoba. "Dada, kwa nini ufunguo urudishwe Ijumaa?"

Bi Mkoba alikuwa amejiandaa. Alitoa sababu kwa mpangilio kama yuko mbele ya mkurugenzi: ngazi za kule hazina pa kujishikilia, sakafu ya bafu inateleza, mama amevuka miaka sabini, tathmini ya hatari haimruhusu kukaa peke yake. Alimaliza, akakunja mikono. Bwana Taratibu akaandika yote, akaweka kalamu chini, akanyamaza.

Mimi mbinu naijua. Bi Mkoba anaijua zaidi, maana ni yake. Nilimwona ameuma meno, macho kayaelekeza kwenye pazia, na midomo inacheza kidogo. Alikuwa anahesabu na yeye. Mama naye alikaa kimya, ametulia tuli. Nadhani naye alijifunza palepale mezani kwa bintiye.

Kwenye kumi na tano hivi Bi Mkoba akasema, "Hiyo mbinu nimekufundisha mimi."

"Ndiyo, dada," akasema Bwana Taratibu. Akanyamaza tena.

Nilitamani nitoke nje. Kimya cha safari hii kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, na hesabu ilinipotea. Kisha Bi Mkoba akakaa kwenye mkono wa kochi, juu ya vile vitambaa vyake vizuri.

"Alilala sakafuni masaa manne mpaka jirani alipomkuta," akasema. "Simu ilikuwa mezani hakuifikia. Na mimi siku ile nilikuwa kwa mama wa mtu mwingine, namuuliza kama anakula vizuri. Nilipita mtaa wake, mama. Nikatazama saa nikasema nitaingia kesho. Ulikuwa chini pale na mimi ninapita. Kila nikiushika ule ufunguo naiona ile sakafu. Naogopa. Hizo ngazi ni maneno tu. Naogopa."

Alitafuta kitambaa akakikosa, kwa sababu mkoba ulikuwa chumbani. Mimi nilikuwa nacho, nikampa.

Mama akamgeukia. "Miezi mitatu unanihubiria ngazi," akasema. "Nikajua umeniona mzigo unatafuta pa kuuweka. Hii ya kuogopa ndiyo naisikia leo."

"Ningesemaje?"

"Ungesema hivyohivyo. Na mimi niliogopa, mwanangu, usidhani. Lakini nilipokuwa pale chini nilikuwa nawaza zile sare nilizoziacha na mkono mmoja mmoja, nani atazimalizia. Hapa kwako siogopi kitu, na siwazi kitu. Siku nzima. Unaelewa?"

Bi Mkoba aliitikia kwa kichwa. Mimi mwandishi wa kikao sikuandika lolote kwa dakika nzima, maana karatasi sikuiona vizuri.

Makubaliano waliyatunga wenyewe, Bwana Taratibu akayasindikiza. Ufunguo haurudi. Cherehani haiendi kwa binamu. Bomba la kujishikilia litawekwa bafuni na kwenye ngazi, na atakayelikaza ni Bi Mkoba kwa bisibisi yake mwenyewe. Simu itakaa shingoni kwa kamba. Jirani wa mlango wa pili atagonga kila asubuhi, na mama ataitikia hata akiwa amenuna. Binti atakuja Jumatano na Jumamosi kama mtoto, na mkoba utabaki nje. Hilo la mkoba mama alitaka liandikwe peke yake na kupigiwa mstari. Bi Mkoba akatia sahihi kwenye nafasi ya mlalamikiwa, na kabla hajarudisha karatasi akamsahihishia Bwana Taratibu mkato mmoja na tarehe.

Mwezi uliofuata, Jumamosi, nilipeleka sketi yangu ikaongezwe kiuno. Mkoba niliukuta nje, unaning'inia kwenye msumari. Ndani, mama alikuwa kwenye cherehani akisema bila kupumzika, na Bi Mkoba amekaa kwenye kigoda cha chini ameshika pindo la kitambaa. Alifungua mdomo mara mbili, mara zote mbili akaufunga.

Kisha mama akahitaji mkasi, na mkasi ulikuwa kwenye rafu ya ukuta wa pili. Fimbo ilikuwa mlangoni. Akainuka bila fimbo. Bi Mkoba akakishika kigoda kwa mikono yote miwili, chini ya makalio yake, na hakuinuka. Nikajikuta nahesabu moyoni. Mama alifika kwenye rafu kwenye saba, akachagua mkasi wake bila haraka, akarudi, na kwenye kumi na tisa akakaa. Ndipo Bi Mkoba akakiachia kigoda.