Udi Juu ya Mkojo wa Paka

Mama alipotoka eda, miaka ile ya themanini, jambo la kwanza alilofanya ni kufukiza udi. Nyumba yetu ya Malindi ilikuwa ikinuka mkojo wa paka, na sisi watu wa mwambao dawa ya kila harufu ni chetezo. Akafukiza asubuhi, akafukiza alasiri. Tukawa tunanusa udi na mkojo pamoja, mchanganyiko ninaouchukia hadi leo.

Paka alikuwa wa marehemu baba. Baba akimlisha kwa mkono, tena akimtolea na miiba ya samaki. Sisi wanawe hakuna aliyewahi kutolewa mwiba. Mama hakumpenda hata kidogo.

"Sala yangu naitilia shaka, nyumba ina najisi," akaniambia. "Ijumaa nampeleka sokoni kwa wauza samaki, akaishi huko."

Nilimwonea huruma yule mnyama. Tangu baba afe alikuwa akizunguka vyumbani akilia. "Mama, nipe siku mbili bila udi," nikamwomba. "Nikipaona mahali penyewe nitapasafisha, naye abaki." Akaguna, lakini chetezo akakiweka kando.

Nikafunga madirisha ili harufu ipande na joto, nikatambaa kwa magoti nikinusa. Mikekani, hamna. Pembeni mwa kuta, hamna. Mama kakaa kitini ananicheka: "Sasa paka ni wewe." Siku ya pili nilipoingia mvunguni mwa kitanda chake, kicheko kikakatika.

"Huko hakuna kitu, mwanangu. Toka."

Sikutoka; ukaidi ninao tangu utotoni. Nyuma ya sanduku palikuwa na kikapu, na ndani yake msuri aliovaa baba wiki yake ya mwisho. Mama aliuficha bila kuufua, kwa kuwa ulikuwa bado na jasho lake. Paka aliugundua kabla yangu. Ulikuwa umejaa manyoya, na umelowa.

Nilidhani mama atamfukuza saa ile ile. Akautwaa msuri, akatafuta upande mkavu, akaunusa. "Kumbe naye anamtafuta," akasema, na machozi yakamtoka.

Kuufua ilikuwa lazima. Aliufua mwenyewe, maji matatu, akauanika uani. Ulipokauka akauweka puani, akakaa nao hapo muda mrefu. "Hamna kitu tena," akasema. Nami nikajuta kupatafuta.

Ijumaa tulikula samaki. Paka alikuwa miguuni pa mama, na mama alikuwa akimtolea miiba.