Jazi Mbele ya Akina Mama wa Ushirika

Kwetu mgonjwa hapumziki. Babangu alipotoka hospitalini, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi na neno hata moja hatoi, nyumba yake ya mtaa wa Olympic iligeuka kanisa. Kila siku akina mama wa ushirika wa kanisani kwake walipanda kutoka Kibera na sukari na unga, wakakalia viti vyote, wakaomba mmoja baada ya mwingine, kisha wakangoja chai. Mimi nafika kutoka Kawangware nimechoka, napika hiyo chai, naosha vikombe, na bado naambiwa nifunge macho.

Haki ya Mungu sikuchukia maombi. Nilitaka tu dakika nne niwe peke yangu na babangu.

Daktari alikuwa ameniambia hana hakika kama mzee anaelewa tunachosema au anatutazama midomo tu. Ukimuuliza kama ana njaa, anatikisa kichwa. Ukimuuliza kama ameshiba, anatikisa vilevile. Sasa utajuaje? Nikaamua kumjaribu kwa kitu alichokipenda kuliko sisi watoto wake: zile santuri zake za zamani za muziki wa jazi.

Mzee alikuwa fundi wa redio Kawangware miaka mingi, na santuri alizipata kwa wateja walioacha mashine zao wasirudi tena. Wenzake walicheza rumba. Yeye alikuwa na santuri za mama mmoja Mmarekani, marehemu wa siku nyingi, aliyejitungia nyimbo na kujipigia piano mwenyewe. Nikiwa msichana niliona aibu. Muziki gani huu hata kiuno hakitikisiki? Nilipokua ndipo nikasikiliza maneno, nikajikasirikia kwa kuchelewa. Yule mama alikuwa na ulimi, jameni! Hapigi kelele, hajifanyi mchekeshaji. Anaimba polepole kama mtu anayekunja nguo, halafu anakuchoma na kaneno kadogo na kuendelea na piano yake kana kwamba si yeye. Siku hizi mtu akitaka kukuchekesha lazima avae wigi na aanguke. Ovyo kabisa.

Basi Jumamosi moja nikadamka, wimbo uko kwenye simu na kaspika kako kwenye mkoba, nikidhani nitawatangulia akina mama. Wapi! Nilikuta wanne wamekaa, mwenyekiti wao karibu na kitanda.

"Umeleta spika? Vizuri sana," akasema. "Tuwekee wimbo wa kumtia mzee moyo."

"Haya, mama," nikasema, nikaweka wimbo wa yule mama wa piano.

Wimbo wenyewe ni wa mwanamke aliyeachwa. Kitanda ni baridi, jioni ni ndefu, nyumba imenyamaza. Anabembeleza: rudi, yote nimeyasahau, rudi tu nyumbani. Unamhurumia hadi mstari wa mwisho kabisa, ndipo anapokuambia kwamba anayemlilia si mume. Ni redio ambayo mume aliondoka nayo.

Piano ikaanza taratibu. Kufika ile "rudi" ya pili, akina mama wote walikuwa wamefumba macho. Mmoja akainua mkono. Mwenyekiti akaanza kuitikia, "Ndiyo, Bwana, warudi! Waite warudi!" Walidhani wenye dhambi wanaitwa madhabahuni. Nilihisi hasira hadi masikioni. Dakika zangu nne ndizo hizo zinaharibiwa, na hata mama wa watu kwenye piano hapewi nafasi ya kuimba. Nikanyoosha mkono nizime.

Mzee akatoa sauti. Nilidhani amepaliwa, nikarukia taulo. Lakini ule upande wa mdomo ulio mzima ulikuwa umepanda juu, na tumbo linatikisika chini ya blanketi. Alikuwa anacheka. Na redio ilikuwa bado haijatajwa! Ilitajwa baadaye, yeye ameshafika zamani.

Asiyeelewa hucheka akiona wenzake wanacheka. Pale hakuna aliyekuwa anacheka, wote wanasali.

"Mmeona?" Mwenyekiti aliruka kutoka kitini. "Bwana asifiwe! Mmeona kazi ya maombi?"

Siku nyingine ningemjibu, na angenikumbuka. Siku hiyo nilisema "Amen, mama," nikaketi sakafuni. Furaha nilikuwa nayo, nisidanganye. Babangu yumo, mzima, na akili zake zote. Lakini wiki hiyo nzima mimi na ndugu zangu tulikuwa tumesimama hapo hapo miguuni pake, tukibishana kwa sauti kubwa ni gari gani litabeba jeneza lake hadi kwetu Magharibi, na nani atapanda nalo.