Yupo Kwenye Pasi

Sisi tunaofua na kupiga pasi mashuka ya hospitali tuna desturi yetu: mtu akichomoka kidogo, anaacha aproni kitini, na msimamizi akimuulizia tunajibu sote, "Yupo!" Huo hatuuiti uongo. Leo kwa mwenzako, kesho kwako.

Binti wa pasi iliyo jirani na yangu tulimwita Wakili, kwa kuwa alikuwa anasoma sheria chuoni. Darasa lake mchana, zamu yake mchana. Msimamizi wetu, Bwana Saa, angeweza kumhamishia asubuhi bila hata kutoa jasho, lakini wapi! "Mshika mawili, moja humponyoka," ndiyo ilikuwa kauli yake, na mimi ningekuwa na meno yangu yote ningemng'ata. Basi mtoto wa watu akawa anaacha aproni, anakimbilia darasani, nasi tunamjibia. Muhula mzima tulimjibia.

Siku moja alirudi akakuta mashuka yake yamepigwa pasi, yamekunjwa pembe kwa pembe. "Asante, mama," akaniambia. Asante ya nini? Mashuka yangu mwenyewe yalikuwa yamenishinda. Nikamuuliza dada wa mashine za kufulia, akanicheka. "Mama naye! Si alikuwepo mwenyewe hapo, ameinama kwenye mvuke?"

Nilimwambia akapimwe macho. Lakini wiki iliyofuata nilimwona na mimi, wakati Wakili yuko darasani. Mgongo wake, kilemba chake, mkono wake wa kushoto ukisukuma pasi. Nikamwita, hakugeuka. Loh! Shuka langu likaungua pale pale.

Jioni nikamwambia, "Mwanangu, acha kutoroka. Mtihani wa mwisho unakuja, ukaombe ruhusa waziwazi." Mkataba wetu wa kazi unampa mwenye mtihani siku ya ruhusa bila kupoteza kazi, na Wakili aliujua kipengele kwa kipengele. Akaenda ofisini kifua mbele, nami nyuma yake, maana mdomo wangu Bwana Saa anaujua. Alifoka, akausoma mkataba, akafoka tena, mwishowe akakubali. Tulipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani. Nilifurahi kama ninayesoma ni mimi.

Siku ya mtihani tulikubaliana: leo hakuna kumjibia, hayupo kwa haki yake. Bwana Saa akaingia, na kwa mazoea akaita, "Wakili yupo?" Tukanyamaza kimya, mashine tu ndizo zilizonguruma.

"Nipo," sauti ya binti yetu ikajibu kutoka kwenye mvuke.

Jamani, niliogopa. Dada wa mashine alianza kulia. Bwana Saa alisogea hadi kwenye ile pasi, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na bei sokoni.

Nilitoka mbio kumsubiri Wakili getini. Akaja anacheka, mtihani ulikuwa mwepesi. Nikamshika mkono. "Usiingie, mwanangu, nakuomba."

"Kwa nini, mama? Nina ruhusa yangu. Nina haki ya kurudi kazini."

Bwana Saa alikuwa amenifuata. Alimtazama Wakili toka utosini hadi kwenye viatu, wala hakushtuka.

"Nafasi yako ina mtu," akasema. "Na yule hasomi."